Majina Mia Mbili na Kumi na Nne

Lori la kokoto lilikuwa limeshavuka daraja, na Mwalimu Siwatu alikuwa bado anagombana na mguu wake wa kushoto, uliozama ndani ya mzigo mpaka gotini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu la mipini ya nyundo, namtazama.

"Uvute taratibu, Mwalimu. Kokoto hazitaki haraka."

"Haraka ninayo, Mzee. Semina inaanza saa mbili, na atakayechelewa ataandikwa jina."

"Aandikwe wapi?"

"Nadhani hiyo ndiyo mada ya kwanza."

Alikuwa anakwenda mjini kufundishwa mtandao. Nchi yenyewe siitaji. Si kwa woga. Ni kwamba nimetembea nchi nyingi kwa miguu, na miguu haina kumbukumbu nzuri. Huenda ilikuwa ile, huenda ilikuwa jirani yake, na wenyeji wa zote mbili wakisoma haya watasema ni kwa jirani.

Siwatu alifundisha darasa la saba katika kijiji cha Kokotoni, ambako mlima unavunjwa kwa nyundo tangu enzi za babu zao na bado mlima unaongoza. Katika nchi ile mtoto akimaliza darasa la saba hufanya mtihani. Akifaulu, huvuka kwenda sekondari. Asipofaulu Serikali haimtupi, la hasha! Inamkabidhi nyundo ya kilo moja na nusu, mbele ya wazazi, siku ileile matokeo yanaposomwa, ili asipotee njiani kutafuta kazi. Kwa miaka tisa mfululizo hakuna mtoto wa Kokotoni aliyevuka. Mipini ya nyundo hizo niliitia mimi, kwa hiyo sikuwahi kuona kasoro yoyote katika mfumo wa elimu.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba masomo yote, na mtihani wenyewe, yatapitia mtandaoni. Siwatu alikuwa na watoto thelathini na mmoja. Mguu ulipochomoka hatimaye, bila kiatu, aliniambia:

"Mwaka huu mipini yako italiwa na mchwa, Mzee. Thelathini na mmoja wote wanavuka."

Nikamwambia Mungu amsaidie. Kisha nikamsaidia kutafuta kiatu.

*

Semina ilikuwa ya siku tano, na nilikuwa dirishani siku zote tano, maana fundi akisimama mahali watu hudhani ameitwa.

Siku ya kwanza walimu walijitambulisha. Siku ya pili walitunga kanuni za semina: wakachagua mwenyekiti, mtunza muda, mchangamshaji, na msaidizi wa mchangamshaji, kisha wakakubaliana kwa kauli moja kwamba simu zote zizimwe mpaka semina ya mtandao itakapokwisha. Siku ya tatu walimngoja mgeni rasmi. Siku ya nne alifika, akafungua. Siku ya tano, kwa kuwa alikuwa bado yupo na nguo zake zilikuwa bado safi, akafunga.

Katikati ya kufungua na kufunga ndipo palipofundishwa. Mwezeshaji alikuwa Bwana Mchopa, Afisa Itifaki wa wilaya, mtu mwembamba mwenye kawaida ya kuinamisha kichwa kila jina la mkubwa linapotajwa, hata akilitaja mwenyewe. Alichora kishikwambi ubaoni kwa chaki, kikubwa kama mlango, na walimu wakapita mmoja mmoja kukigusa. Siwatu alibonyeza kwa nguvu, akafuta kitufe cha kuwashia. Akapewa onyo la mdomo.

"Sasa sikilizeni kwa makini," Bwana Mchopa akasema. "Ukiwa darasani, unaonwa na nani?"

"Na watoto!"

"Vizuri. Na ukiwa hewani?"

Walimu wakakigeukia kishikwambi cha chaki.

"Hamjui! Na kama hamjui nani yupo, basi yupo kila mtu. Na kama yupo kila mtu, Mheshimiwa naye yupo. Je, mbele ya Mheshimiwa mtu huanza tu na sehemu na desimali, kama vile kaingia chooni?"

Walimu wakaona aibu.

Ndipo zikagawiwa karatasi. Sheria ya Utambuzi, ambayo zamani ilihusu mikutano ya hadhara tu, sasa ilikuwa imepanuliwa mpaka mtandaoni. Kabla ya somo, mwalimu angewatambua viongozi wote kwa jina, cheo na sifa, kuanzia Mkuu wa Nchi, Baba wa Mvua na Mlezi wa Mito, mpaka wa mwisho kabisa, Naibu Msaidizi wa Kaimu Mkurugenzi wa Mapokezi. Majina yalikuwa mia mbili na kumi na nne.

Mwalimu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Na somo lenyewe, Bwana Afisa?"

"Somo litafuata," Bwana Mchopa akasema, "muda ukiruhusu."

*

Siwatu alijifunza mtandao uani, wakati wa chai.

Aliyekaanga maandazi ya semina alikuwa Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia. Mkono wa kulia ulikuwa na kijiko cha matundu, wa kushoto simu. Alikuwa akipokea oda za miji mitatu bila kuinuka kwenye kigoda.

"Hilo kundi," Siwatu akamwuliza, "uliwaingizaje watu wote hao?"

"Kwani hamjaonyeshwa huko ndani?"

"Tumeonyeshwa kwa chaki."

Bi Mashavu akacheka mpaka mafuta yakarukia kanga. "Njoo hapa, Mwalimu wangu. Lete kidole. Si hicho, hicho kina chaki."

Kwa mapumziko ya chai yaliyobaki akamfundisha kila kitu: kufungua kundi, kutuma picha, kuuliza swali na kuona nani amejibu na nani amenyamaza, kusema neno na kulihifadhi. Mwanzoni Mwalimu aliishika simu kwa ncha za vidole.

"Nikikosea?"

"Ukikosea unarudi. Unauona mshale huu? Ndicho kitu pekee katika nchi hii kinachorudi nyuma bila kuandikiwa barua."

Siku ya kufunga, walimu wote walipewa vyeti vya umahiri. Siwatu alipewa cheti na maandazi sita. Njiani kurudi alikula maandazi, cheti akakitumia kunifungia mipini iliyokuwa ikimwagika.

*

Kishikwambi cha Wizara kilifika Kokotoni wiki tatu baadaye. Mwalimu Mkuu Ndalu, mtu mwaminifu sana kwa mali ya umma, alikifungia kabatini wiki mbili nyingine, na kilipotoka kilikuwa kimeandikwa MALI YA SERIKALI kwa rangi ya mafuta, herufi nene, juu ya kioo.

"Sasa tutaonaje, Mwalimu Mkuu?" Siwatu akamwuliza.

"Katikati ya herufi pana nafasi. Nimepima."

Mtandao wa Wizara ulifunguliwa kila siku ya kazi saa mbili asubuhi, ukafungwa saa mbili na dakika arobaini. Mashine ilikuwa na sikio. Mwalimu alisoma majina, nayo ikahesabu kwenye kona ya kioo: moja, mbili, tatu. Ilipofika mia mbili na kumi na nne tu, ndipo ukurasa wa somo ulipofunguka. Ukifika mwisho na kuna jina ulilolisahau, ilirudi sifuri na kuomba radhi kwa niaba yako.

Siku ya kwanza Siwatu alisoma kwa dakika thelathini na nane, watoto wamesimama wima. Ukurasa ukafunguka. Watoto wakajazana. Kati ya herufi na herufi wakaona moyo wa mtu, mwekundu, unadunda.

"Mwalimu, mbona unaruka?"

"Hauruki, unasukuma. Tazameni mlango ule mdogo, damu inaingilia..."

Kioo kikawa cheusi. Damu iliingilia wapi, darasa zima halikujua mpaka wiki iliyofuata.

Dakika mbili kwa siku. Nilikuwa nimekaa nje ya darasa natia mipini, na ningeweza kuapa kwamba watoto wale walijifunza kutopepesa macho. Lakini hesabu haimwachi mtu salama, na Mwalimu Siwatu alijua kuhesabu. Kwa dakika mbili kwa siku, silabasi ingemalizika baada ya miaka kumi na minne. Mtihani ulikuwa baada ya miezi mitano.

Akampigia Bi Mashavu.

"Mwalimu wangu," simu ikasema, na nyuma yake mafuta yakichemka, "kwani mimi kila asubuhi huimba upya kwamba maandazi yameiva? Nilisema mara moja mwaka juzi. Simu ndiyo inayosema mpaka leo."

"Lakini bado itachukua dakika thelathini na nane."

"Basi ikimbize! Pembeni hapo pana alama ya mwendo. Ibonyeze. Mimi wateja wangu husikia bei kabla hawajaniomba kupunguza."

Kesho yake Siwatu aliweka simu yake mbele ya kishikwambi, akabonyeza, na sauti ikatoka nyembamba, ya kasi, kama panya anayesoma hukumu. Mashine ikahesabu. Mashine haina cheo, kwa hiyo haikuona ubaya. Kwa dakika kumi na tisa viongozi wote wa taifa walikuwa wametambuliwa, na zikabaki dakika ishirini na moja.

Hapo ndipo nilipoona shule. Mimi nilisoma darasa la kwanza ng'ambo moja ya mto, la pili ng'ambo nyingine, la tatu lilinipita nikiwa njiani, lakini dirishani pale nilijifunza kugawa sehemu kwa sehemu, nikiwa na miaka sabini na mitatu. Siwatu aliwafungulia watoto ramani ya dunia, akaisogeza, akaisogeza, mpaka wakaona kijiji chao kutoka juu. Machimbo yalionekana kama jino lililooza.

"Hivi ndivyo Mungu anavyotuona?" akauliza Chiku, msichana mrefu wa nyuma, binti wa Mama Chiku wa machimbo ya chini.

"Hivi ndivyo Wizara inavyotuona."

Chiku akakipungia kioo mkono. Wenzake wakapunga. Wakangoja kidogo.

"Hawajaitika, Mwalimu."

"Tuendelee na kipimo cha ramani."

*

Sasa, kila mwisho wa mwezi Wizara ilimletea kila kiongozi sauti za jinsi alivyotambuliwa shuleni, asikilize akiwa amepumzika. Naibu Msaidizi wa Kaimu Mkurugenzi wa Mapokezi, ambaye ni wa mia mbili na kumi na nne na hana wa kumsikiliza isipokuwa shule, alisikiliza zote. Alipofika kwenye sauti ya Kokotoni akasikia cheo chake, ambacho yeye mwenyewe hukitamka kwa sekunde tisa, kimepita kama chafya.

Barua ikaja. Siwatu alishtakiwa kwa Kumpitisha Kiongozi kwa Mwendo Usiostahili. Mpaka shauri lisikilizwe, majina yasomwe kwa mdomo ulio hai.

Baraza la Nidhamu lilikaa mtandaoni, maana nchi imeendelea. Siwatu aliketi ofisini kwa Mwalimu Mkuu mbele ya kishikwambi, akiwa amevaa kanga mpya. Mwenyekiti akatokea katikati ya MALI na YA.

"Kabla sijasoma shtaka," akasema, "naomba niwatambue."

Akawatambua. Alikuwa mzee wa kukohoa. Alipofika jina la mia mbili na tisa, dakika arobaini zikaisha.

Kesho yake akaanza upya, kwa sababu utambuzi hauna kiporo. Akafika mia mbili na mbili. Siku ya tatu kikohozi kilizidi, akafika mia na tisini. Baraza lilikaa mara kumi na moja, na kwa kadiri walivyokaa ndivyo walivyozidi kuwa mbali na shtaka. Siwatu hakupata kuambiwa kosa lake, na kwa hiyo hakupata kujitetea, na kwa hiyo hakupatikana na hatia. Hukumu ya haki kama hiyo sijaiona kwingine.

Lakini darasani, siku zisizo za Baraza, walikuwa wamerudi kwenye dakika mbili.

Siku ya kikao cha kumi na moja Wizara ilinitumia oda kupitia kwa dereva wa lori. Siwatu alinikuta nachonga.

"Ya wapi hiyo, Mzee?"

Sikutaka kusema. "Ya Wizara."

"Mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

Akasimama hapo. "Mtihani bado mwezi na nusu."

"Serikali makini hupanga mapema, Mwalimu."

Akauchukua mpini mmoja, akaupima mkononi. Ulikuwa mwembamba kuliko wa kawaida, maana walikuwa wameandika: kwa viganja vya watoto. Akaurudisha pale pale, akaondoka bila kuniaga. Nikaendelea kuchonga. Ningefanya nini? Na mimi nakula.

*

Basi ikawa kila asubuhi Mwalimu anasoma majina kwa mdomo ulio hai, na mdomo wenyewe ukawa unakufa. Ilipofika Alhamisi moja sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Watoto, ambao kwa kusikia kila siku walikuwa wameyahifadhi yote, wakaanza kumwitikia kwa pamoja, kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha.

Wakiwa wamefika jina la arobaini hivi, Chiku akaingia mbio, amechelewa, ana vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Akasimama mahali pake, akapokea kwa sauti yake yote:

"Na Mheshimiwa Mlezi Msaidizi wa Vivuko! Na Mheshimiwa Katibu wa Makatibu!"

Huyo wa Vivuko ni wa mia na ishirini. Darasa likacheka. Mwalimu Siwatu hakucheka. Alikuwa anatazama kona ya kioo, na kona ya kioo ilikuwa imeongeza mbili.

"Chiku," akanong'ona, "umesema nini?"

"Nisamehe, Mwalimu. Nilidhani mmeshafika huko."

"Rudia."

"Mwalimu, sitachelewa tena."

"Chelewa hata kesho, mwanangu. Wewe rudia!"

Sheria ilisema majina yote yasomwe, kwa ukamilifu, kwa mdomo ulio hai. Haikusema mdomo mmoja. Haikusema moja baada ya jingine. Waliotunga sheria hawakufikiri kwamba kuna namna nyingine, kwa sababu wao husalimiwa na mtu mmoja mmoja anayetetemeka. Siwatu akagawa mia mbili na kumi na nne kwa thelathini na mmoja. Wengi wakapata majina saba, watatu wakapata sita. Akayaandika kwenye vipande vya karatasi.

Hawakujaribu kwa sauti hata siku moja, kwa kuogopa mashine kumsimulia mwenyewe Naibu Msaidizi. Walisubiri mtihani. Mwezi mzima walisoma kwa dakika mbili za Wizara, na jioni Siwatu aliwafungulia kundi kwenye simu za wazazi wao: sauti yake mbovu ikawatumia swali, nao wakajibu wakiwa machimboni, kati ya jiwe na jiwe. Wazazi walilalamika kwamba kokoto zimepungua. Kisha wakaacha kulalamika, maana nao walikuwa wameanza kujibu.

"Hii robo tatu ya nane ni sita," nilimsikia Mama Chiku akimfokea jirani yake. "Sita! We baba, umevunja mawe miaka thelathini hujui kugawa?"

*

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa Bwana Mchopa mwenyewe. Alikuja na projekta ya kutupia maswali ukutani, karatasi za majibu, na nyundo thelathini na moja kwenye sanduku, zisizo na mipini, ili nizitie mimi.

Maswali yalikuwa arobaini. Nchi nzima, kila shule, mwalimu alisimama saa mbili kamili akaanza kusoma majina, na watoto wa nchi nzima wakasimama wima.

Kokotoni, Mwalimu Siwatu alisema, "Watoto, watambueni viongozi wenu."

Vinywa thelathini na kimoja vikafunguka kwa pamoja.

Nimewahi kusikia mnada wa ng'ombe na mvua ya mawe juu ya bati. Havikufikia. Baba wa Mvua, Katibu wa Makatibu, Mlezi Msaidizi wa Vivuko, wote walitoka mlangoni kwa mkupuo wamekumbatiana. Bwana Mchopa, mtu wa nidhamu, aliinamisha kichwa kwa jina la kwanza, na kabla hajakiinua yakawa yamepita thelathini. Akajaribu kuyafukuza. Aliinama, akainuka, akainama, akageuka kushoto, akainamia kabati, mpaka akashika ukingo wa meza na macho yakamzunguka.

Dakika moja na robo. Mashine ikahesabu mia mbili na kumi na nne, ikafungua.

"Simamisha!" Bwana Mchopa akapumua. "Mwalimu, simamisha! Kiongozi hasalimiwi kwa jumla kama mkaa!"

"Kuna jina limerukwa, Bwana Afisa?"

Akatazama kona ya kioo. "Halijarukwa."

"Mdomo gani ulikuwa mfu?"

Akawatazama watoto vinywani, mmoja mmoja.

"Basi naomba tunyamaze," Siwatu akasema, sauti ikikwaruza. "Watoto wana mtihani."

Na kwa dakika thelathini na nane na ushee hapakusikika kitu isipokuwa kalamu. Nilitazama dirishani. Chiku alimaliza, akarudia kupitia, akafuta jibu moja, akaandika jingine. Katika nchi ile yote, siku ile, hakuna mtoto mwingine aliyepata nafasi ya kufuta.

*

Matokeo yalisomwa na Waziri wa Elimu, Mitandao na Mapokezi, Mheshimiwa Dakta Hombwe, kupitia redio, baada ya utambuzi. Nafupisha.

Alisema taifa limepiga hatua. Alisema wastani wa kitaifa ulikuwa sifuri nukta tatu kati ya arobaini, na kwa kuwa Serikali haiwezi kulifelisha taifa zima, Kamati ya Usawazisho imepanga alama ya kufaulu iwe sifuri. Kwa hiyo taifa limefaulu lote. Makofi. Isipokuwa shule moja, ambayo wastani wake ulikuwa ishirini na tisa. Kamati ilijiuliza watoto wa wavunja mawe wamewezaje kujibu maswali ambayo hakuna mwingine aliyeyaona yote. Ilichunguza, ikagundua dalili za udanganyifu au, vibaya zaidi, za muda wa kutosha. Watoto hao wamejitenga na wenzao. Matokeo yao yamefutwa.

Bwana Mchopa alikuwa uwanjani Kokotoni na sanduku lake. Mama Chiku akamwendea, mikono imejaa vumbi jeupe.

"Bwana mkubwa, nieleweshe polepole, mimi sikusoma. Binti yangu amepata ngapi?"

"Thelathini na nne, mama."

"Na mtoto wa mjini?"

"Sifuri."

"Nani amefaulu?"

"Wa mjini."

"Basi wangu amefeli kwa kiasi gani?"

Bwana Mchopa alitazama karatasi yake, na nakupa hakika kwamba hakuwa akitania. "Kwa thelathini na nne, mama."

Mama Chiku akaguna. Kisha akamgeukia Siwatu, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na mikono ameifumbata, akamwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ya machimboni: "Mwalimu, usilie hapa. Hawa wakituona tunalia watasema tumewatambua."

Siwatu hakulia pale. Nyundo ziligawiwa. Mipini ilikuwa imara, niliichonga mwenyewe.

*

Yaliyowapata ni haya.

Bwana Mchopa aliumia kiuno siku ya mtihani, akapewa cheo kipya cha kukaa. Sasa ni wa mia mbili na thelathini na sita.

Mwalimu Mkuu Ndalu alithibitisha kwa maandishi kwamba hakujua lolote lililotendeka shuleni kwake. Akapandishwa kuwa Mkaguzi.

Dakta Hombwe amehamishiwa Wizara ya Maji.

Sheria ya Utambuzi imefanyiwa marekebisho: mdomo uwe mmoja. Dakika za mtandao zimeongezwa kutoka arobaini hadi arobaini na tano, na majina kutoka mia mbili na kumi na nne hadi mia mbili na sitini.

Bi Mashavu anauza miji mitano. Semina ya pili ya mtandao imeshafanyika, chai ilikuwa yake.

Mwalimu Siwatu amesimamishwa kazi mpaka mashauri yake mawili, la mwendo na la mtihani, yasikilizwe. Baraza limekaa mara sitini na tatu. Sauti yake haikurudi sawasawa. Anakaa upande wa pili wa soko la wilaya, anafundisha kwa simu watu wazima wa machimbo kusoma mikataba kabla ya kuitia dole gumba. Shule hiyo haijasajiliwa. Kwenye kundi wako mia nne na kumi.

Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na saba wanavunja mawe. Wanne waliolewa. Mmoja aliangukiwa na jabali mwezi wa pili, akafa; alikuwa amepata ishirini na sita. Saba, pamoja na Chiku, walivuka mpaka kwa miguu na kufanya mtihani upya katika nchi nyingine, ambako unaanza na swali la kwanza. Wamefaulu wote.

Wawili waliobaki sijui waliko. Niliuliza ofisi ya kata, wakaniuliza nauliza kama nani.